Beryse na Belyse

Nyabugogo, Kigali
3 Machi 2025

Mpwa wangu Kayitesi,

Salamu nyingi kutoka kituo cha mabasi. Mimi niko mzima, mgongo peke yake ndio unalalamika. Dar je, joto bado linakupika?

Huku iko kazi. Kompyuta ya vifurushi, ambayo naielewa kuliko walioitengeneza, imekuwa nzito. Unaandika jina, unakunywa chai, unarudi, bado inafikiri. Jumatatu iliyopita foleni ya dirisha letu ilipanda mpaka Gatsata! Niliipiga kofi moja la kitaalamu, ikaamka. Bosi Mutsinzi akasema, "Mzee Nkusi, wewe ni injinia."

Lakini vifurushi kumi na saba vimepotea. Mteja anapata ujumbe kwamba mzigo umefika. Akija, natafuta jina, hakuna. Mutsinzi anasema ni wizi. Amemsimamisha karani mwenzangu Beryse, na tarehe ishirini atamfukuza. Belyse analea wadogo zake watatu, mwizi gani huyo?

Mfumo mnausimamia ninyi huko. Angalia basi.

Mjomba wako,
Nkusi

Dar es Salaam
5 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, joto nimelizoea. Pole na mgongo. Nieleze unavyofanya kazi tangu asubuhi, bila kuongeza chumvi. Na hao Beryse na Belyse, aliyesimamishwa ni yupi?

Mpwa wako,
Kayitesi

Nyabugogo
7 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Umenichekesha! Ni msichana mmoja. Huku kwetu r na l ni mapacha, nani atawatenganisha?

Kazi ni hivi. Mteja anasema anaitwa Kaliza, naandika kama sikio lilivyosikia. Jina lisipopatikana sikwami kama makarani wengine, namwandikisha upya. Kuna Kaliza mmoja wa Kimisagara nimemzaa mara nne. Saa sita naenda kula brosheti, mishikaki yetu ya mbuzi, naacha ukurasa wa mteja wazi, nimeandika nusu, ili mtu asikalie kiti changu. Narudi saa nane. Haya, saa tisa.

Mjomba wako,
Nkusi

Dar es Salaam
8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mgongo umepoa. Nimeshinda na hifadhidata tangu asubuhi. Ukurasa unaouacha wazi, mfumo unakushikia; madirisha mengine yote yanasubiri umalize kula. Uzito ndio huo. Na Kaliza yumo mara nne, wengine kwa l, wengine kwa r. Mzigo umeandikwa kwa mmoja, wewe unamtafuta mwingine.

Vifurushi vyote kumi na saba viko kwenye rafu zenu, orodha hii hapa chini. Watu nimewaunganisha kwa namba za simu. Kuanzia sasa tafuta namba, si jina. Ukurasa ukiachwa dakika tano utajifunga wenyewe.

Belyse hakuiba, Mjomba. Ningependa Mutsinzi asikie kutoka kwako, si kwangu.

Mpwa wako,
Kayitesi

Dar es Salaam
16 Machi

Shikamoo Mjomba,

U mzima kweli? Mfumo unakwenda vizuri, naona. Naona pia Belyse bado amefungiwa asiingie mfumoni. Zimebaki siku nne.

Kayitesi

Nyabugogo
19 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Nilikuwa mzima, nilikuwa mwoga tu. Vifurushi nilivitoa rafuni siku ileile, kila mtu akapata chake, na Mutsinzi akadhani Belyse kavirudisha kwa siri. Nikanyamaza. Hadithi mbili nilikuwa nimeziandaa, moja ya virusi kutoka ng'ambo, moja ya panya aliyetafuna waya. Ya panya ilikuwa tamu rwose, tamu kabisa.

Leo asubuhi nimeingia kwa Mutsinzi nianze na panya. Kumbe Belyse yuko mle ndani, amekuja kurudisha sare. Ameikunja vizuri, ameipiga na pasi.

Nikasema, "Bosi, ni mimi."

"Wewe, injinia?"

"Ni mimi. Yeye hajagusa kitu."

Nimeeleza yote, mpaka brosheti. Makarani wamecheka mpaka abiria wa Musanze wakachungulia. Mutsinzi amemwomba Belyse radhi mbele yetu sote, akampa dirisha langu. Mimi nimepelekwa kwenye rafu kubeba mizigo, na mgongo huu!

Sasa hivi yuko pale anaita, "Mzee Nkusi, haraka, watu wanasubiri!" Nami naleta. Ngoja nimpelekee hiki, kisha hiki kingine.

Mjomba wako,
Nkusi