Kwa Nini Bibi Yako Huitwa Umeme

Mjukuu wangu Sundi,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Hapa Shinyanga hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Unauliza kama bibi yako huitwa Umeme kwa sababu ya wepesi wake. Wengi hudhani hivyo, lakini mimi nilikuwepo siku alipopewa jina.

Miaka ile ya sabini tulikuwa vijana, sote vibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Asubuhi moja mwenzetu Masanja aligusa waya uliochubuka, umeme ukamng'ang'ania. Nikamkimbilia ili nimvute.

"Usimguse, mtakufa wote wawili," bibi yako akasema.

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Wakati sisi tumechanganyikiwa, yeye alitazama huku na huku, akachukua ufagio wenye mpini mkavu wa mti, akausukuma ule waya mpaka ukabanduka mkononi mwa Masanja. Masanja akaanguka, akakohoa, akaomba maji.

Alipopata nguvu za kusema, alimtazama bibi yako akasema, "Nilidhani umeme ni ule wa kwenye waya. Kumbe umeme ni huyu dada."

Kwa hiyo mjukuu wangu, watu wakisema umeme wakimaanisha mbio, hawajakosea. Mimi nikilisikia neno hilo namwona msichana aliyetulia, akafikiri, akaokoa mtu.

Msimu wa pamba ulipokwisha, nikapeleka posa kwao.

Babu yako akupendaye,
Limbu