Injini Iliyokohoa Asubuhi

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefungua stoo kama kawaida. Mzee Baltazari amefuta kiti cha mashine kwa kitambaa chake, amepanda, amewasha. Ni ile mashine ya kukata majani inayokaliwa kama trekta dogo, hapa hotelini hakuna mwingine anayeiendesha. Leo imekataa kutulia. Mlio unapanda, unashuka, unapanda tena. Moshi mweusi. Ukiongeza moto inakohoa, ukipunguza inataka kuzima.

Nimefungua plagi. Nyeusi tii. Nimeisugua kwa msasa, nimeirudisha, kukohoa kuko pale pale. Halafu mchana jua lilipotoka ikatulia yenyewe, kana kwamba hakukuwa na neno. Siipendi mashine inayojiponya. Inanifanya nionekane mjinga.

Jumamosi kuna harusi hapa. Tangu Idi ipite, kila mtu anaoa. Uwanja wote wa mbele mpaka mchangani mwa ziwa lazima uwe umenyolewa kufikia Ijumaa, na mvua hizi zinaotesha majani usiku na mchana.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi, ugonjwa ule ule. Nimeshusha kabureta. Nimemwaga petroli yake kwenye kifuniko cheupe cha ndoo. Matone ya maji chini, yanatelezateleza kama shanga.

Maji yameingiaje? Dumu la petroli linakaa stoo. Ufunguo ninao mimi na anao Mzee. Na mwalo wa Katonga ni pua na mdomo kutoka hapa. Wenye boti za dagaa wakipata petroli ya bei nafuu hawaulizi imetoka wapi. Mtu anapunguza, anajazia maji, dumu linabaki limejaa.

Nimechukia kuwaza hivyo. Mzee Baltazari ni mtu wa kanisa, ana michikichi yake na muhogo wake kule Mwandiga, na sijawahi kumsikia akisema uongo hata wa mzaha. Lakini wazo likishaingia halitoki. Nimekula chakula cha mchana peke yangu leo. Nimemwambia Mzee nina kazi.

Nimesafisha kabureta yote, jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, nimeipuliza mpaka masikio yakaziba. Mchana ikaenda vizuri. Nikajisifu.

Jumatano, 9 Aprili

Nilijisifu mapema. Asubuhi inakohoa vibaya kuliko jana.

Mama Salha, meneja wetu, ametoka ofisini na miwani kichwani. Ameuliza mimi ni fundi wa nini. Mbele ya wapishi. Mbele ya mlinzi. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko na hasira imenikaba.

Nikamgeukia Mzee. Nikasema, "Petroli haina miguu, Mzee. Na maji hayajifungulii dumu."

Mlinzi akacheka kidogo, akasema wale wa ng'ambo ndizo zao. Ng'ambo! Mzee aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Nilipaswa kumnyamazisha mlinzi. Sikumnyamazisha.

Mzee hakujitetea. Alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka juu ya kiti cha mashine. Mama Salha akamwambia asije mpaka aitwe. Akaondoka kwa miguu, na mvua ilikuwa inaanza.

Nimelala vibaya mchana, kichwa kinagonga. Najiambia nimefanya haki. Mbona sisikii raha ya haki?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimenunua petroli mpya mwenyewe, kituoni, dumu jipya. Nimeosha tangi. Nimewasha.

Inakohoa.

Nimekaa juu ya ile mashine, inanitikisa kama inanicheka. Petroli safi. Mzee hayupo. Hakuna aliyegusa kitu ila mimi. Na bado inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

Nimekwenda kuangalia pale dumu la zamani lilipokuwa. Juu yake bati lina tundu. Mvua inadondokea pale pale, na kizibo cha lile dumu kilishapasuka. Haya, maji yenyewe hayo. Hayakuhitaji mwizi. Wala si hayo yanayoikohoza injini, maana leo hayapo.

Mchana imetulia, nimekata nusu ya uwanja. Mistari yangu imepinda. Mama Salha ameuliza kama tatizo limekwisha sasa mwizi hayupo. Nimesema mambo yanaendelea vizuri. Jibu la mwoga.

Ijumaa, 11 Aprili

Alfajiri kulikuwa na baridi na mvua, Ujiji nzima imejifunika. Zuhura alikuwa anachemsha maharage. Ameiegesha chupa ya mawese karibu na jiko ili yayeyuke, maana yalikuwa yameganda. Kila asubuhi ya baridi hufanya hivyo. Nimemwona akifanya hivyo tangu nimuoe. Leo nimesimama mlangoni nikaikodolea macho ile chupa mpaka akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi yanaganda. Mchana yanayeyuka.

Nimefika kazini kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Nimefungua kifuniko cha kichujio cha hewa. Sponji ngumu, ya rangi ya chungwa, nzito. Nimeikamua, vidole vikabaki na mawese. Injini ilikuwa inavuta pumzi kupitia kipande cha mafuta ya kupikia yaliyoganda. Mchana joto likiyayeyusha, ikapumua.

Sponji ni kazi ya Mzee. Mimi ndiye niliyemfundisha: ioshe kwa sabuni, ikauke, ipake oili kidogo tu ishike vumbi. Na nimekumbuka kitu kilichonikalisha chini. Wiki iliyopita aliniambia oili imekwisha. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Mzee, tafuta tafuta huko, usinisumbue." Akatafuta. Kwao Mwandiga baiskeli inapakwa mawese, bawaba za mlango mawese, mpini wa jembe mawese, mtoto mchanga naye mawese. Ameleta ya kwake, kutoka kwenye michikichi yake mwenyewe, kwa ajili ya mashine ya hoteli.

Na plagi ilikuwa nyeusi tangu Jumatatu! Plagi nyeusi maana yake hewa haitoshi. Hata fundi wa juzi analijua hilo. Mimi nilishapata mwizi, nikaacha kutafuta ugonjwa.

Nimeiosha sponji kwa maji ya moto na sabuni. Nimeomba oili kidogo kwa fundi wa boti kule Katonga. Nimewasha. Mlio mmoja, ulionyooka, bila kikohozi. Nimemaliza uwanja kabla ya adhuhuri. Wapishi wamenipigia makofi. Nilitamani wanyamaze.

Jumamosi, 12 Aprili

Harusi imefana. Bibi harusi amekanyaga majani yangu. Nimemwambia Mama Salha ukweli wote, wa mawese na wa bati lenye tundu. Amecheka mpaka akashika meza. "Mawese! Haya, mwite basi Jumatatu." Kwake limekwisha. Amekwenda kuangalia pilau.

Nimemtafuta mlinzi nimweleze pia. Amesema, "Kumbe," akaendelea kusikiliza redio yake.

Jumapili, 13 Aprili

Nimepanda bodaboda mpaka Mwandiga. Njiani nilipanga maneno. Yalikuwa mazuri.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi, wametoka kanisani, tawi limechomekwa juu ya mlango. Mama Anjelina, mke wake, amenipokea kama mgeni wa heshima. Kiti kimetolewa ndani. Kwao mgeni haulizwi alichokijia kabla hajala. Nikaletewa maji ya kunawa, ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, aliyepikwa kwa mawese, mwekundu, anang'aa. Nimekula. Mama Anjelina akawa ananiongezea, anasema fundi amekonda. Mzee hakumwambia. Mpaka leo mke wake anadhani yuko likizo.

Alinisindikiza mpaka kwenye michikichi, na hapo ndipo nilipoweza. Maneno mazuri yote yalikimbia. Nilisema, "Mzee, nilikukosea. Hukuiba kitu. Nilikutukana mbele za watu, naomba unisamehe."

Akauliza mashine ilikuwa na nini. Nikamweleza. Akashika kichwa. "Yoo! Kumbe ni mimi niliyeiua?" Ndiyo kitu pekee kilichomsikitisha. Nikamwambia si wewe, ni mimi niliyekunyima oili. Akasema kesho atakuja. Kuhusu msamaha hakusema kitu, nami sikurudia kuomba.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekuja mapema. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba." Mbele ya wapishi wote na mlinzi nimesema kwa sauti kwamba nilimsingizia. Yeye aliendelea kufuta kiti.

Mashine imewaka vizuri. Amekata kando ya njia yote, mistari imenyooka kama ilivyokuwa siku zote. Oili ipo, kopo zima, nimeweka mahali pa wazi. Nilidhani mambo yamerudi.

Jioni nilikuwa nafunga stoo. Amekuja na mfuko wake, akauweka juu ya meza yangu, akaufungua. Akatoa shati, kandambili, bakuli lake la chakula. Akatoa chupa ya maji, akafungua kizibo, akanisogezea puani.

Nikamwambia, "Mzee, si lazima."

"Nusa tu, fundi."

Hakuwa na hasira. Alisimama akingoja, mkono umenyooka, kama mtu anayejua utaratibu wa kukaguliwa.

Nikanusa. Hakukuwa na harufu ya petroli, yalikuwa maji. Akafunga kizibo, akarudisha vitu vyake mfukoni kimoja kimoja, akaniaga, akaenda zake barabarani.