Kidonge cha Maman

Jumanne usiku

Na tonton, kaka ya maman, bado anabisha! Asubuhi munganga wa hospitali alitueleza vizuri: damu ya maman inaganda ovyo, inaziba mishipa midogo ya kichwa, ndiyo maana anasahau. Tonton akanung'unika, "Iko uzee tu. Hiyo dawa muache."

Kidonge ni kimoja kwa siku. Akikosa, damu itaganda tena. Akikunywa mara mbili, anaweza kutoka damu, na haitasimama.

Saa hii maman ameniita kutoka kitandani: "Mutoto wangu, dawa nimekunywa?"

"Ndiyo, maman. Lala."

Nilijibu haraka, nilikuwa nimechoka. Sasa amelala, na glasi yake ya maji iko pale pale, imejaa. Ama nilimupa na chai?

Vidonge viko mu kikopo, hakuna mwenye anavihesabu.

Mimi pia sikumbuki.