Karanga za Dada Mwanjaa

Jumatatu, 4 Mei 1953
Palizi tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Dada Mwanjaa upande wake wa karanga, mimi wangu wa viazi vitamu, tunapiga soga kwa kupaza sauti. Tuna mume mmoja, yuko kwenye mkonge huko Korogwe. Watu hapa Kang'ata wanangoja tugombane. Wangoje.
Mikaranga mitatu imenyauka. Dada anasema mchwa. Nimeng'oa mmoja. Si mchwa. Shina limeoza usawa wa udongo, limezongwa na nyuzi nyeupe kama pamba. Katikati ya nyuzi, vipunje vya kahawia, vidogo kama ulezi. Sikupenda.

Jumatano, 6 Mei
Mvua, kisha joto la kufukuta. Mistari miwili mizima imelala. Dada hakula mchana. Mbegu ile aliachiwa na marehemu mama yake, hapa hakuna mwingine aliye nayo. Namwonea huruma.

Ijumaa, 8 Mei
Bwana shamba amekuja. Kijana mpole, amemwamkia Dada shikamoo kabla hajatazama shamba. Anasema ni ukungu, unakaa udongoni. Dawa hana. Tung'oe kila mche mgonjwa na ulio jirani nao, pamoja na udongo wa shinani, tukachome. Tusirundike udongo kwenye mashina. Msimu ujao tupande mahindi pale, karanga na viazi visirudi upesi.
Kisha akafunua majani ya viazi vyangu. Nyuzi zilezile.
"Mimi sing'oi kitu," Dada akasema. Akaingia ndani.

Jumamosi, 9 Mei
Nimeng'oa viazi peke yangu, vyote vya mpakani. Vingine vilikuwa vizima. Nimelia kidogo, kwa hasira. Moto nao ulikataa kushika, kuni mbichi. Mara nikasikia mtu nyuma yangu anabwaga mabua makavu. Dada.
"Acha kupuliza, Zaina, utaharibu macho."
Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kung'oa mstari wake wa kwanza. Hakupumzika. Nampenda mwanamke huyu. Naandika wazi, hakuna asomaye.

Alhamisi, 21 Mei
Kila asubuhi tunazunguka kutafuta miche migonjwa, tumeinama kama waliopoteza sindano. Jana hakuna. Leo mmoja tu, tumeuchoma. Naogopa kufurahi.

Jumapili, 14 Juni
Ugonjwa haukupanda hadi upande wa juu wa shamba. Dada amechimba mche mmoja kuonja. Amenimenyea mimi kwanza.

Jumamosi, 27 Juni
Tumevuna. Si nyingi. Za mbegu zipo, na za kuchemsha kidogo. Viazi vyangu vimejaa kikapu kimoja, vinatosha.
Mume wetu amefika mchana toka mkonge. Ameona karanga na viazi vimeanikwa juu ya jamvi moja. Akauliza, hili shamba lililobaki ni la nani.
"Letu," Dada akasema, akaendelea kupepeta.
Nikaenda kutia maji kwenye chungu.