Daktari Aliona Nusu, Mimi Nikatangaza Niko Safi

Bi Mwanaarusi,

Baada ya salamu nyingi, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo hapa Garsen, maana nyumbani siwezi, mke wangu Hawo anajua kusoma kuliko mimi. Mimi ni Muorma, mfugaji, miaka hamsini na mbili, watoto saba, na watu huku wananiheshimu, hata sokoni wakibishana juu ya umri wa fahali wananiita mimi niangalie meno. Nayasema haya ujue si mtu wa upuuzi, kwa sababu ninayokuja kukuambia ni upuuzi mtupu.

Tangu mwaka jana, mafuriko ya El Nino yalipopungua, nilianza kuona damu chooni. Nikasema ni joto, nikasema ni pilipili, na pilipili sili, nikasema itaisha, mpaka Hawo alipoona nguo akanipeleka zahanati kwa mkono wake mwenyewe, na daktari akaandika barua niende Mombasa kwenye kliniki ya matumbo, huko wana mpira mwembamba wenye kamera wanaupitisha ndani ya utumbo mpana, wewe unaingia kliniki asubuhi unatoka alasiri, hulazwi. Nikamuuliza, unapitia mdomoni? Akaniangalia, akasema, "Mzee, si mdomoni." Bi Mwanaarusi, nilitaka kurudi malishoni saa ile ile.

Lakini nilikwenda. Muuguzi wa kule, dada mpole, alinieleza kwa Kiswahili safi, kwa hiyo sisingizii lugha. Alisema siku nzima kabla ya kipimo usile kitu, unywe tu vile unavyoweza kuona mpaka chini ya gilasi, maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, halafu mchana uanze kunywa dawa hii ya unga ndani ya lita nne za maji, itakuendesha mpaka utumbo ubaki mtupu. Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa.

Sasa nilifikia Kisauni kwa shemeji yangu Kassim, na hapo ndipo anapokaa mama yao, mkwe wangu Bi Abdia, ambaye sijamtembelea tangu kabla ya mafuriko kukata barabara. Yule mama alitafuta maziwa ya ng'ombe Mombasa nzima, akayatia kwenye chombo chake alichotoka nacho nyumbani, kile cha kufukizwa moshi, akamtuma mke wa Kassim aniletee, maana kwa heshima yetu mimi na mkwe hatukai ana kwa ana, yeye yuko nyuma ya pazia anasikiliza kama nitakunywa. Wewe ni mtu wa Kipini, umeishi na sisi, unajua. Maziwa ya mkwe hayarudishwi, ukiyarudisha ni kama umemrudishia binti yake. Nikakaa nimekishika kile chombo nikafikiri, muuguzi amesema nisile, na maziwa hayatafunwi, halafu sisi tukihama na ng'ombe tunaishi siku na siku kwa maziwa peke yake na hakuna anayesema amekula. Nikanywa. Nikajaziwa. Nikanywa. Na ile dawa ya unga ilikuwa mbaya, chumvi tupu, basi wacha nikiri yote, gilasi tatu za mwisho niliichanganya na maziwa.

Kesho yake wakanichoma sindano ya kusinzia, lakini kabla sijazama nikamsikia daktari anauliza, "Mzee, jana ulikula nini?" Nikajibu kwa ulimi mzito, "Sijala." Wallahi sikusema uwongo. Nilipozinduka alikaa kando ya kitanda akaniambia, mzee, nimeona nusu tu, hiyo nusu ni safi, lakini mbele kumejaa utando mweupe sioni kitu, itabidi urudi baada ya wiki mbili, na safari hiyo maji.

Nikarudi Garsen. Kituoni watu wamejaa wananingoja. Hawo aliniuliza kwa macho kabla ya mdomo, na mimi nikasema, "Daktari amesema ni safi." Akalia pale pale mbele ya watu, Hawo huyu ambaye hakulia hata ng'ombe wetu walipochukuliwa na maji. Ningesemaje tena kwamba ni nusu? Ijumaa wakachinja fahali, wakasoma dua, na shekhe akaniomba nisimame niwahimize wanaume wengine waende kupimwa wasione haya. Nikasimama. Nikawahimiza. Walisema nimezungumza vizuri sana.

Sasa ni miezi miwili. Damu bado ipo, na mshipi wangu nimeutoboa matundu mawili mapya. Haya ningeyanyamazia, mwili ni wangu. Lakini wiki iliyopita nilikwenda Kulesa kwa rafiki yangu Buya, Mpokomo, mkulima, ambaye miaka yote ng'ombe wangu wanashuka mtoni kando ya shamba lake na hatujawahi kugombana. Akanivuta pembeni akaniambia naye anaona damu tangu msimu wa kupanda, na amepewa barua ya Mombasa kama yangu, ila haendi. "Ya nini, rafiki yangu Wako?" akasema. "Wewe ulikuwa na damu hii hii, ukaenda, ukatoka safi. Basi na mimi ni hivyo hivyo, ni joto tu." Akacheka, akanipa ndizi za watoto. Amekonda, Bi Mwanaarusi. Mashavu yameingia ndani.

Naona haya. Nikisema kweli Hawo ataona namlaumu mama yake, mkwe atajua maziwa yake ndiyo yaliyoharibu, na wale waliokula fahali watanicheka mpaka Bura. Kwa hiyo nimefikiri nirudi kliniki kimya kimya, niage kwamba napeleka ng'ombe mnadani, na nikitoka safi kweli kweli basi uwongo wangu utakuwa umegeuka ukweli na hakuna aliyeumia. Je, hiyo si njia nzuri?

Ni mimi,
Mwenye Nusu, Garsen


BI MWANAARUSI ANAJIBU

Bwana Mwenye Nusu,

Si nzuri. Na ungeiona nzuri usingejifungia dukani kuniandikia.

Kwanza pole, na ninaisema kwa moyo. Kuiona damu yako kila asubuhi halafu utoke nje ucheke na watu ni mzigo, nawe umeubeba miezi miwili peke yako. Pole imekwisha. Sasa kaa vizuri.

Wewe ni mfugaji. Ng'ombe akishindwa kuzaa unaingiza mkono mpaka begani, mbele ya watoto na majirani, wala humwombi ruhusa. Leo mpira mwembamba kama kidole, tena umepigwa sindano umelala, unataka kukimbilia malishoni? Ala! Yule ng'ombe angejua kuandika, barua yake ningeijibu kabla ya yako.

Tuje kwenye maziwa. Kikombe cha kwanza sikulaumu. Nimezaliwa Kipini, nimekaa kwenye nyumba za Waorma nimeshiba mpaka shingoni na bado nikapokea chombo kwa mikono miwili, kwa hiyo heshima hiyo naijua. Lakini zile gilasi tatu za dawa, bwana, mkwe hakukutuma. Ule ulikuwa uroho wako. Eti maziwa si chakula kwa kuwa hayatafunwi! Ndama hatafuni kitu, ananyonya tu, na zizini mwako anaacha nini? Umefuga maisha yako yote, kweli hilo wataka kufundishwa na mwandishi wa gazeti?

Na lile "Sijala" ulilomjibu daktari, unaapa halikuwa uwongo. Haya, tuseme halikuwa. Basi umefanikiwa kumficha daktari ugonjwa wako bila kusema uwongo hata mmoja. Hongera.

Habari ya fahali isikukoseshe usingizi. Waliokula wameshiba, na dua walizosoma zilikuwa za afya yako, nazo bado unazihitaji kuliko siku ile. Watakucheka? Watakucheka. Watu wa Garsen wamekwisha kucheka mambo makubwa kuliko tumbo lako na wakasahau.

Kilichonikasirisha mimi ni maneno mawili uliyoyaandika mwishoni, kwamba hakuna aliyeumia. Hebu soma mistari iliyo juu yake. Kuna mtu Kulesa anakonda kwa sababu anakuamini. Hajadanganywa na daktari wala muuguzi, barua ya kwenda Mombasa anayo ndani ya nyumba, na kinachomzuia ni wewe. Hata ukienda kwa siri ukatoka mweupe kama pamba, Buya atakuwa amepona nini? Utumbo wake si wako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata wao hawakumfikiria mtu anayeficha yake akamzika na jirani.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujala, mwambie Hawo yote, na zile gilasi tatu usiziruke. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, alilia mbele ya kituo kizima kwa nusu habari. Yeye ndiye atakayezungumza na mama yake, wewe huna haja ya kusogelea pazia. Mama aliyezunguka Mombasa kukutafutia maziwa anataka mkwe aliye hai. Akiambiwa wazi kwamba maziwa yasubiri mpaka jioni utakapotoka kliniki, huyo huyo atakuwa askari wako, na sidhani kuna muuguzi atakayekulinda kama yeye.

Ukifika, fuata uliloambiwa: maji, chai ya rangi, na dawa yote mpaka tone la mwisho, na ubaya wake uumeze hivyo hivyo. Ukiulizwa umetia nini mdomoni, taja kila kitu. Utakachoambiwa mimi sikijui. Pengine ni bawasiri. Pengine ni kiuvimbe wanachokitoa siku hiyo hiyo ukarudi kwako unatembea. Pengine ni jambo la kupasuliwa, nalo likiwahiwa lina njia. Muuguzi ninayemuuliza mambo haya ananiambia yote matatu chooni hufanana, ndiyo sababu watu hupelekwa kuangaliwa badala ya kubahatisha. Na usiende peke yako. Muwe wawili, wewe na Buya, siku moja, kliniki moja.

Neno langu la mwisho. Majina yote ya barua yako nimeyabadilisha, lako, la mkeo, la mkwe, hata la huyo rafiki. Jina la Kulesa nimeliacha, na nimeliacha kusudi, kwa sababu mtu anayesoma habari za damu yake mwenyewe hahitaji kuona jina. Gazeti hili linafika Garsen Ijumaa. Kulesa linafika Jumamosi. Nisingependa asome kwangu jambo alilostahili kulisikia kutoka mdomoni mwako, kwa hiyo liweke chini hili gazeti, vaa viatu, uende.