Michirizi ya Buluu

Umoja, Nairobi.
Jumatatu, 14 Machi 1983.

Kwa dada yangu Jecinta,

Kwanza pokea salamu, wewe na mzee wako na watoto wote, na mama umfikishie zake kabla hujasoma mengine, maana najua ukishaanza kusoma utasahau. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Gachanja aje nayo huko ilifika, au amejichua mwenyewe? Mvua je, imenyesha huko Mukurweini au mnatazama mawingu kama sisi? Huku tu wazima. Phares anaenda kazini kama kawaida, anakohoa kidogo kwa lile vumbi la kiwandani, lakini anakula vizuri.

Najua umeshashtuka. Mwandiko si wangu, tena barua ni ya Kiswahili, na sisi tangu lini tukaandikiana Kiswahili? Tulia, dada, sijafa. Mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji na siwezi kushika kalamu. Mtu mwema amejitolea kuniandikia, na yeye Kikuyu hasikii, kwa hivyo vumilia. Habari ya mkono nitakueleza mbele. Ninaogopa, dada. Ninaogopa tangu Jumamosi, chakula hakipiti, na nikisikia tu mlango wa jirani ukifunguliwa nasimama kusikiliza. Mwandishi wangu ameinua kichwa kuniuliza ninaogopa nini, nami nimemwambia aandike tu, atajua tutakapofika.

Unamkumbuka Annah Nabiswa, jirani tunayegawana naye ukuta, yule Mbukusu aliyekupikia mrenda ulipokuja Krismasi, ukasema unateleza mno, kisha ukaomba uongezewe? Amejifungua. Ni mtoto wa kiume, wanamwita Patrobas, alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Unajua kwamba kabla ya huyu Annah na Simiyu wake wamezika wawili, mmoja wa siku tisa na mwingine wa miezi mitatu. Kwa hivyo huyu alipoletwa nyumbani hakuna aliyethubutu kupiga vigelegele. Mimi na Phares tulikuwa tunasikiliza ukutani kama analia. Akilia, tunapumua. Akinyamaza sana, Phares anapunguza sauti ya redio na tunatazamana.

Nami, kama ujuavyo, huu ni mwaka wa sita wa ndoa na sina wa kubeba. Kuna midomo hapa mtaani ambayo imeshasema yake. Annah hajawahi kunisema hata siku moja. Mwaka jana malaria iliponiangusha ni yeye aliyenifulia kila kitu, hata nguo ambazo mtu hapaswi kufuliwa na jirani. Mwandishi wangu amekataa kuandika sifa hizi, ati ni aibu. Nimemwambia barua ni yangu.

Basi nikataka kumletea mtoto kitu ambacho mama mwingine yeyote wa kanisa hangeleta. Wao ni sukari na unga na shuka. Mimi nikakumbuka sabuni uliyonifundisha ulipokuwa ukifulia masista pale misheni, na nikakumbuka pia sabuni moja niliyoiona kwenye dirisha la duka mjini, nyeupe, yenye michirizi ya buluu iliyojipinda ndani kama moshi. Nilisimama pale dirishani hadi mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimepotea. Mama Shitanda, kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama, aliwahi kuona ikitengenezwa na mama mmoja wa Kizungu aliyemfanyia kazi. Akanieleza kwa maneno tu, huku akichambua sukumawiki.

Ufundi wote uko katika kumwaga. Sabuni unaigawa mara mbili kabla haijashika. Nusu inabaki nyeupe, nusu unaitia buluu, hii hii ya kufulia mashati. Nyeupe inatangulia kwenye sanduku la mbao. Halafu buluu unaimwaga kutoka juu, mkono umeinuliwa usawa wa kichwa, iteremke nyembamba kama uzi ili izame ndani isikae juu juu. Mwisho unazamisha hanga ya waya na kuipitisha humo mara mbili, tatu, basi, unaacha. Ukizidisha inakuwa matope. Hanga niliyotumia ni ya suti ya harusi ya Phares, naye bado anaitafuta.

Unajua ninavyoiogopa kostiki, ile chumvi kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, tangu siku ile iliporuka ikakuchoma shingoni. Nilifungua madirisha yote, nikajifunga leso puani, nikaitia kostiki kwenye maji na si maji kwenye kostiki, kama ulivyonifundisha. Ndoo ikapata moto yenyewe bila jiko, mvuke ukanikaba koo. Nikajiuliza, Mungu wangu, kitu kama hiki kweli kitageuka cha kumwosha mtoto? Lakini nikaendelea, nikayamwaga maji hayo kwenye mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa. Shida ilikuja baadaye. Mafuta hayo yanashika upesi, na wewe na mimi siku zote tulitaka yashike. Safari hii nilitaka yabaki mepesi kama uji wa mgonjwa. Nilipokuwa bado nakoroga ile ya buluu, nyeupe ikaanza kuwa nzito, na nikajua nikichelewa kidogo tu michirizi itakataa. Nikaongeza maji kidogo, ikalegea. Nikainua mkono nikamwaga.

Dada, laiti ungeona! Siku ya pili nilipoikata, kila kipande kilikuwa na sura yake. Vilikuwa vinane. Nikavipanga kitandani nikavitazama, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumanne iliyopita nilimpelekea Annah kipande kilichovishinda vyote. Alipofungua karatasi alilia. Alisema ni kizuri mno kuogea, akakiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Kila mgeni alionyeshwa. Mimi nilipoiona sabuni imeketi pale nyuma ya kioo, nilimshukuru Mungu kuliko hata yeye aliyepewa. Kwa nini nishukuru, nitakwambia.

Jumamosi tulikwenda akina mama kumwogesha mtoto, maana kesho yake alikuwa anabatizwa. Tulikuwa kama kumi na wawili kwenye chumba kile, saa nne ya asubuhi, beseni katikati, chai inaiva. Annah akasimama, akafungua kabati, akatoa ile sabuni. Akasema siku iliyokuwa ikingojewa na sabuni hii ndiyo hii, na aliyeitengeneza ndiye atakayemwosha mtoto. Makofi yakapigwa. Nikasema mimi sijui kuosha mtoto mchanga. Wakacheka, Mama Shitanda akasema nitajifunzia wapi kama si hapa, na huenda Mungu akaona mikono yangu ikilowa akanikumbuka. Annah akanilaza mtoto mapajani na kunitia sabuni kwenye mkono wa kulia.

Dada, hapa ndipo nilipokuwa nikitaka kufika, na ndipo nilipokuwa nikiomba nisifike. Anayekuandikia barua hii ni Annah. Annah mwenyewe. Tangu Jumamosi anakuja kila siku, mtoto mgongoni, ananioshea vyombo na kunisongea ugali, kwa sababu nilimwambia nimeungua na mafuta nikikaanga chapati. Leo alinikuta nimeshika kalamu kwa mkono wa kushoto, nalia, akaninyang'anya akasema sema, nitaandika. Nimejaribu kumwambia uso kwa uso mara nne na mara zote nimeishia kumwuliza habari za mtoto. Nikaona labda nitaweza nikijifanya nakwambia wewe. Annah, nakuomba, usiweke kalamu chini. Andika kama ninavyosema.

Yale maji niliyosema niliongeza hayakuwa maji. Kulikuwa na kopo la maji ya kostiki yaliyobaki, liko pale miguuni pangu, na maji safi yalikuwa jikoni. Nyeupe ilikuwa inashika. Nikachukua kilichokuwa karibu. Nilijua ni nini, nikajiambia ni kidogo, kitazimika chenyewe. Baada ya siku kumi niliionja kwa ulimi kama ulivyonifundisha, nijue kama kostiki imeisha ukali, kila rangi peke yake. Buluu ilinyamaza. Nyeupe iliniuma vile ulimi unavyoumwa ukiramba betri ya redio. Nikaonja kipande cha pili, cha tatu, vyote vinane. Vyote viliuma.

Ningevitupa siku ile ile. Lakini nilikuwa nimeshajitapa kwa akina mama kwamba naleta kitu ambacho hawajapata kukiona, na nikaona haya kwenda mikono mitupu, mimi nisiye na mtoto, kwenda kumwona mtoto wa Annah. Nikachagua kilichopendeza zaidi nikakifunga kwa karatasi. Aliposema atakiweka kabatini, nikaona Mungu amenisitiri.

Jumamosi ningeweza kusema. Neno moja tu, kwamba sabuni hii bado inachoma. Lakini wangeniuliza nimejuaje, na tangu lini, na kama nilijua, kwa nini niliileta. Nyuso zote zilikuwa zinanitazama. Kesho yake mtaa mzima ungesema yule tasa amemletea mtoto wa watu sumu, mtoto wa tatu, ili naye azikwe. Niliogopa jambo hilo kuliko kitu chochote maishani mwangu. Kuliko chochote ila kimoja, na nilikuwa nimekipakata.

Niliilowesha sabuni kwa sababu walikuwa wananitazama, kisha nikaifumbata. Nikasema maji yamepoa, wakamwaga yale yaliyoigusa, wakaleta mengine. Patrobas nilimwosha kwa mkono wa kushoto, kwa maji matupu, na ngumi nikaificha ndani ya leso mgongoni. Wakasema tazama, anaogopa kumwumiza, anatumia mkono mmoja. Wakaimba. Mama Shitanda akaomba, na akiomba yule unaweza kuchemsha maharagwe. Kiganja kilianza kuwasha, kisha kikaungua, kisha nikaacha kukisikia, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Sikuifungua ngumi. Nilipofika kwangu na kuifungua, ngozi ilibaki kwenye sabuni.

Haikumgusa, Annah. Naapa kwa mama yetu, haikumgusa hata tone.

Dada, barua hii ilikatika hapo nyuma. Alipofika kwenye neno betri Annah alisimama. Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza mezani, akamvua nguo zote, akamkagua shingo, makwapa, katikati ya vidole vya miguu, kila mkunjo. Mtoto akamkojolea. Akamvisha, akamrudisha mgongoni kwake, akamfunga kwa leso, akaikaza. Mimi hakunitazama. Nilidhani anaelekea mlangoni. Akaketi, akashika kalamu, akasema endelea, na hayo ya ngumi akayaandika moja kwa moja bila kuinua kichwa. Sasa ameniuliza vimebaki vingapi. Nimemwambia saba, viko chini ya kitanda, na kile chake kiko pamoja navyo.

Sina lingine, dada. Ulinifundisha kuonja ili nijue, nami nilijua. Usimsomee mama sehemu hii. Mwambie tu mkono unapona, msalimie sana, na wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Phares hajui lolote, anadhani ni chapati. Nitamwambia akirudi leo jioni, kabla sijapoteza nguvu hii kidogo niliyopata. Mungu awalinde nyote, na wewe uniombee hata kama umekasirika.

Ni mimi mdogo wako,
Teresiah.

Dada Jecinta, sasa ni mimi Annah. Nimeandika alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza. Mtoto hana alama yoyote. Nimekasirika sana, na sijui nitakasirika mpaka lini. Vile vipande vyote nimevitoa mwenyewe chini ya kitanda, viko kwenye ndoo yenye kifuniko, utuandikie vitupwe vipi. Barua hii nitaiposti mimi, maana nikimwachia ataichana. Zahanati wamesema bandeji ibadilishwe kila asubuhi, na kwa mkono mmoja hawezi kujifunga. Kesho nitakuja kumfunga.