Mkwe Aliyejifunika Shuka

Mmenitupa, wasomaji wangu mnaoniomba ushauri. Tangu mahindi yakiwa mabichi hadi sasa tunapukuchua, nimepata barua mbili tu, na moja iliuliza kama ng'ombe anaweza kurogwa. Bibi Esteria mnamkumbuka mkishaharibu. Haya, aliyeharibu huyu hapa. Mjukuu wangu Tabea alinisomea barua yake mara mbili. Ya kwanza tulicheka. Ya pili hatukucheka.

*Kamwene Bibi, nakukimbilia maana sina mwingine wa kumweleza, mimi ni dresa katika dispensari ndogo upande wa Makambako, na kila asubuhi kabla ya kufunga vidonda husimama barazani nikawahubiria wagonjwa waache majani ya vibibi, na nilipoona watu wanacheka nikawa natia chumvi, na wakati huohuo, Bibi, sikufichi, mtoto wangu alipoharisha ni mama mkwe aliyetuletea machipukizi ya mpera tukachemsha akanywa akatulia, na mimi mwenyewe mafua ya kipupwe yakinishika mke wangu Fidelia hunifunika blanketi nikajifukiza mvuke wa majani ya mkaratusi aliyoyachuma mama huyohuyo, na mlango tunautia komeo nisionekane. Sasa Jumatatu ile nikachangamka nikasema, "Majani ni chakula cha mbuzi! Hata mkwe wangu ananuka mkaratusi mpaka nzi wanamkwepa!" watu wakaangua kicheko, halafu kwenye mstari wa akina mama akainuka mmoja aliyejigubika shuka kichwa mpaka miguu, akaondoka akikohoa. Bibi, unajua desturi yetu, mkwe hatazamwi usoni, tukikutana njiani yeye hujifunika na mimi huingia kichakani, basi alikuja amejifunika ili anipe heshima, na kwa heshima hiyohiyo sikumtambua. Jioni Fidelia akaniambia mama yake anakohoa mwezi wa tatu sasa, amekonda, makohozi yana damu, majani yake yameshindwa, na alikuja kwangu bila kumwambia mtu. Sasa anasema heri afe nyumbani kuliko kurudi kuwa kichekesho, na Fidelia haniambii neno ila "chakula hicho". Nitamwombaje radhi mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Nakusihi usilitaje jina langu.*

Jina lako nimelifuta, baba. Kicheko chenyewe kilisikika mpaka gulioni, sasa sijui unamficha nani.

Nakuhurumia, lakini kidogo. Huruma nyingi nimemwekea anayekohoa. Wewe huna ugonjwa, una mdomo. Wala usijidanganye kwamba kosa lako ni kutomtambua. Angekuwa mama wa mtu mwingine chini ya shuka lile, ungekuwa umesema vema?

Nisikilize habari ya majani, maana nilianza kuyachuma kabla hujazaliwa, na chupa zenu sijui kuzisoma hata moja. Machipukizi ya mpera hutuliza tumbo, lakini mtoto akilegea na macho yakaingia ndani, mbio dispensari. Mkaratusi hufungua pua. Ni wa kujifukiza, si wa kunywa. Tangawizi na asali hulainisha koo. Mchaichai hutoa jasho. Kikohozi cha miezi mitatu chenye damu, hicho hakina jani. Huyo mama alilijua hilo, ndiyo maana aliacha chungu chake akaja kupanga mstari. Siku ile mwenye akili ya dresa alikuwa yeye. Wewe ulikuwa mbuzi.

Kesho asubuhi simama palepale barazani ueleze mpera ulivyomfaa mwanao na nani aliuleta. Blanketi ulitaje, na komeo pia. Watacheka. Waache, safari hii watamcheka anayestahili. Maneno yana miguu, yatafika kwake kabla jua halijapanda. Kisha chukua jembe jipya na kuku mtetea, Fidelia aviingize ndani, wewe ukae nje, mgongo ukutani, useme kwa sauti: "Mama, nimekukosea." Desturi imekukataza kumtazama, haikukukataza kusema. Usijieleze sana. Akikutukana, shukuru, pumzi ya kutukana bado anayo. Akinyamaza, kaa hapohapo mpaka ng'ombe warudi, na kesho yake nenda tena.

Ila msamaha usiungoje ndipo uhangaikie kifua chake. Wiki hii hii makohozi yake yapimwe hospitali ya Ilembula. Tafuta lori. Yeye akae mbele na Fidelia, wewe nyuma juu ya magunia, upepo ukuchape. Mtoto asilale naye chumba kimoja mpaka waseme ni nini. Akipewa dawa azimalize, hata akijisikia mzima. Majani yake hayatamwonea wivu.

Akikataa kwenda kwa ajili yako, Fidelia amwambie Esteria ndiye aliyeomba. Tunaoujua msitu tumebaki wachache, na mimi siko tayari kubaki peke yangu na vijana wa aina yako.

Na siku utakapofika kwangu, usije mwenyewe. Mlete mama huyo, anatembea kwa miguu yake. Sisi wawili tutakaa ndani tuote moto, wewe utabaki uani ukitupasulia kuni.